Kiti cha Kumhukumu Ferdinandi

Jumatano, 3 Agosti

Mihogo imeanikwa. Mbuzi kala kipande, nimempiga. Zakaria yuko bondeni anamwagilia viazi. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea kambini Tanzania, na kwa sababu mume wangu Zakaria hakisomi. Yeye hakukimbia vita, alibaki hapa.

Leo nimepeleka jina langu kwa katibu wa chama. Nagombea kuwa mwamuzi wa mlima, ndivyo kijiji kinavyoitwa hapa Burundi, mmoja wa wale watu tunaowaita notable, wanaokata kesi za mipaka na za ndoa na za mbuzi kama huyu wangu kabla hazijafika tribunali, mahakama ya Bugendana. Katibu kaniuliza kwa nini nataka. Nikasema nataka kutumikia amani. Uongo mtupu. Nataka Ferdinandi asimame mbele yangu, nimwambie toka kwenye shamba la baba yangu.

Ijumaa, 5 Agosti

Sheria inasema uchaguzi huu hauna vyama. Mlima mzima unacheka. Orodha inatoka kwa katibu, na asiye na kadi jina lake halisomwi. Kadi nilichukua mwaka jana kwa ajili hii tu. Nimeimba nyimbo zao. Nimelima shamba la chama Jumamosi baada ya Jumamosi, magoti yanauma. Kisasi nacho ni kibarua.

Jina limepita. Wengine wananong'ona kwamba Mtanzania hawezi kuwaamua, kisa Kirundi changu kina lafudhi. Wanong'one.

Jumapili, 7 Agosti

Kanisani. Ferdinandi benchi la mbele. Amenenepa.

Alikuwa rafiki wa baba. Tulipokimbia, baba alimwachia shamba, akasema litunze tutarudi. Tukarudi. Mbele ya waamuzi wa wakati ule alisema, "Mumekula mahindi ya bure uko Tanzania, sasa munataka na shamba?" Watu wakacheka. Waamuzi wakasema watalitazama, hawakulitazama. Baba akavaa kofia, akarudi nyumbani. Mvua zilizofuata tukamzika, na Ferdinandi akawa mtu wa kwanza kuweka bega chini ya jeneza. Shamba ningeweza kulisamehe labda. Lile bega, hapana.

Baadaye wakamfanya mwamuzi naye, miaka na miaka. Safari hii hagombei. Anasema amechoka.

Mchungaji kahubiri kusamehe saba mara sabini. Nilikuwa natazama shingo ya Ferdinandi muda wote.

Jumanne, 9 Agosti. Muyinga

Niko kwa ndugu yangu Yona. Anauza mchele na samaki wadogo wa ndagala sokoni, mambo yake si mabaya. Nimemweleza mpango. Kwetu binti hadai shamba la baba. Wanasema shamba la binti liko kwa mumewe. Basi yeye ni mwanaume, ashitaki yeye. Mimi nitakuwa nimekaa upande wa waamuzi. Yeye adai, mimi nikate.

Hataki. "Dada, mi niko na duka, niko na watoto. Iyo shamba ilishakwenda na baba."

Nimekataa kula. Nimelia, nusu kweli nusu makusudi.

Jumatano, 10 Agosti. Muyinga

Amekubali. Si mimi niliyemshinda, ni mkewe. Nimemsikia jikoni: "Nenda nayo tu, la sivyo dada yako atatukalia apa mpaka Noeli." Mwanamke mwenye akili. Nimempa kitenge changu.

Jumamosi, 20 Agosti

Kura ni Jumatatu. Hakuna karatasi. Watu watajipanga nyuma ya mgombea wanayemtaka, na kila jicho litaona nani kasimama wapi. Ukoo wa Ferdinandi ni nusu ya mlima. Nani atathubutu kusimama nyuma yangu mbele yao? Wakimbizi wenzangu wachache, na hao nao ni waoga.

Zakaria anasema nijitoe kabla ya aibu. Nimemwambia aibu ninayo tangu siku waliyomcheka baba, sasa natafuta wa kumgawia. Hatusemeshani.

Jumatatu, 22 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Uwanja wa shule. Kila mgombea mahali pake. Zakaria kaja nyuma yangu, macho chini, lakini kaja. Kisha mama wawili watatu wa kwetu. Basi. Mistari ya wengine inarefuka, wangu ni mkia wa mbuzi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Ferdinandi akainuka. Akakatiza uwanja taratibu, kila mtu anamwangalia, akaja akasimama nyuma yangu. Halafu watoto wake wa kiume, wake zao, majirani, wote mpaka kwenye ua wa shule. Katibu mwenyewe alibaki mdomo wazi.

Nimechaguliwa. Mzee Libere ndiye mwenyekiti wetu.

Jumanne, 23 Agosti

Ameogopa. Ndiyo maana yake, sioni nyingine. Amejua siku yake imefika, anajipendekeza nimhurumie. Hapati hata tone. Nimefua nguo zote za nyumba nikiimba. Zakaria kasema sauti yangu inamtisha. Nimetuma ujumbe Muyinga: Yona, njoo.

Alhamisi, 8 Septemba

Leo kesi imesikilizwa, nitaandika yote.

Yona kasimama, kaeleza kesi. Nimekaa na wenzangu, nimevaa vizuri. Kabla Ferdinandi hajafungua mdomo, Mzee Libere kanigeukia. "Mama Yunisi, uyu ni ndugu yako, tumbo moja. We huwezi kukata iyi kesi. Toka."

Nikasema sawa, basi nitakuwa shahidi. Nilikuwa mkubwa tulipokimbia, mipaka yote naijua. Akatikisa kichwa. Mwamuzi hatoi ushahidi mbele ya waamuzi wenzake. Ndiyo kanuni, na wote waliijua isipokuwa mimi mpumbavu.

Nimekaa nje kwenye majani, nasikia kila kitu. Yona alikimbizwa mgongoni, atakumbuka nini? Walipomuuliza mpaka ulipita wapi, alitaja mahali sipo kabisa. Nimeng'ata kanga yangu.

Waamuzi wakajitenga kushauriana. Ferdinandi akatoka, akaja kukaa karibu yangu kama jirani mwema. Akavua kofia, akajipepea nayo. Akasema polepole, bila chuki:

"Mwanangu, mi nimefanya iyo kazi myaka mingi. Ningekuacha bila kiti, ungekuja kunishitaki na mdomo wako, na mdomo wako naujua. Sasa kiti uko nayo. Mdomo hauna."

Nikang'oa konzi nzima ya majani.

Wakarudi. Shamba ni la Ferdinandi.

Ukaletwa mtungi, pombe ya mshindi ya kushukuru waamuzi. Desturi ni kwamba walioshitakiana nao wanakunywa, na aliyekunywa amezika kesi, hawezi kuifufua tena. Yona akanywa. Hakuniangalia. "Mi nimechoka, dada," akasema, na ninaamini kweli alichoka. Mzee Libere akanipa mrija. Pombe ya ndizi, ndizi za shamba lile lile, mlima wote unajua. Harufu nzuri.

Nikaweka mrija chini.

Libere akauliza kama najua maana yake. Mwamuzi anayekataa mtungi amewakataa wenzake, hawezi tena kukaa nao. Nikasema najua, kiti chenu hicho, mdomo nabaki nao. Nikamtazama Ferdinandi. Alikuwa anacheka na mwanawe. Nikaona kicheko kinamwishia usoni kidogo kidogo, kwa sababu yeye anaelewa haraka kuliko wote. Ah, utamu wake. Hakuna pombe ingenipa ule.

Ijumaa, 9 Septemba

Yona kaondoka alfajiri bila kuaga. Katibu amekuja kuchukua kadi, anasema nimekiaibisha chama. Nimempa. Zakaria amekaa mlangoni siku nzima ananoa jembe lililokwisha kunolewa. Nina hasira na kila mtu, na yeye pia, tena bure. Ningeulizwa leo, ningeuweka tena mrija chini.

Jumatatu, 19 Septemba

Mvua imeanza usiku. Nimekwenda Bugendana kwa miguu, viatu mkononi, nimevivaa karibu na tribunali.

Karani ni kijana mpole. Kauliza jina la baba, nikamwambia. Kauliza mwanaume wa kesi hii ni nani, ndugu au mume. Nikasema hakuna. Kisha akauliza, basi nani anamshitaki Ferdinandi? Nikasema binti wa mwenye shamba, yuko mbele yako. Alinitazama kidogo, akaandika jina langu. Akaniambia siku ya kurudi.

Nimenunua chumvi. Nilipofika nyumbani Zakaria alikuwa amepanda maharage mistari miwili. Nimechukua jembe, nimeanza wa tatu.