Tabitha Wacera Wawili Katika Orodha ya Lori

KITUO CHA POLISI, ELDORET
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: mtu aliyepotea kutoka kambini

Jina: Anisa Idris Hussein
Umri: Miaka 27
Kazi: Mwalimu wa kompyuta
Makao: Mtaa wa West Indies, Eldoret
Yameandikwa na Koplo Musimbi, tarehe 18 Februari 2008, kuanzia saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Hii ni mara ya tatu nakuja hapa kwa jambo hili hili, na naomba hilo liandikwe kwanza.

Tangu tarehe 9 Januari najitolea katika kambi ya watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi, hapa mjini. Kazi yangu ni orodha. Watu wanapanga foleni, karani anayeitwa Shitanda anaandika jina, umri, hema na saa ya kuandikishwa, halafu mimi natayarisha orodha ya malori yanayopeleka watu Nakuru yakisindikizwa na polisi.

Kompyuta yetu ni ya zamani. Ikikwama, Shitanda anabonyeza tena na tena, na mtu mmoja anaingia mara mbili au tatu, mstari juu ya mstari. Nilimwambia aache. Akasema, "Madam, foleni imefika geti. Nikae tu nikingoja?"

Basi mnamo tarehe 12 Februari niliandika programu fupi katika lugha ya kompyuta iitwayo C++. Lugha hiyo inakuja na maktaba yake ya amri zilizoandikwa tayari, na mojawapo inaitwa unique_copy. Inanakili orodha kutoka juu hadi chini, na kila ikikuta kitu kinachofanana na kile kilichokitangulia moja kwa moja, inakiruka. Haifuti chochote kwenye orodha ya kwanza. Ni ile nakala tu inayotoka bila marudio. Afande ameniuliza mara nne ni nani aliniagiza kufuta jina. Nimejibu mara nne kwamba hakuna.

Programu hiyo lazima iambiwe "kufanana" ni nini. Saa ya kuandikishwa ilikuwa inatofautiana kwa sekunde moja au mbili, kwa hivyo sikuweza kulinganisha mstari mzima. Niliiambia ilinganishe jina peke yake. Hilo nilifanya mimi. Shitanda hakuhusika, na kompyuta haikuhusika.

Mnamo tarehe 14 Februari, saa mbili asubuhi, lori lilikuwa getini. Konstebo Wanyama alikuwa anasoma majina. Sikuwa hapo wakati huo. Niliitwa saa tatu kasorobo na Mzee Gichuru, mwenyekiti wa kambi, ambaye alikuja hemani kwangu akipiga kelele kwamba sisi watu wa mjini tunawapunguza watu wake kwa kompyuta baada ya kupunguzwa kwa mapanga. Nilichukua karatasi zangu nikamfuata.

Nilikuta lori limeondoka. Kwenye nyasi alikuwa ameketi mama mzee, umri wa miaka 71, kutoka Kiplombe. Anaitwa Tabitha Wacera Kiarie. Mjukuu wake wa miaka 20, mwenye mimba ya miezi minane, pia anaitwa Tabitha Wacera Kiarie. Kwao mtoto hupewa jina la nyanya, na huyu alilelewa na babu yake, akachukua jina la babu. Walisimama pamoja kwenye foleni, wakaandikwa wakifuatana. Programu yangu ilimwona wa pili kama Shitanda amebonyeza tena.

Mzee Gichuru alinieleza kwamba Wanyama alikuwa amewaambia, "Jina moja, mtu mmoja. Amueni." Nyanya alimsukuma mjukuu ndani ya lori.

Aliniuliza, "Mami, uliniandika ama hukuniandika?"

Nikamwambia, "Shosho, niliwaandika wote wawili. Halafu nikakupoteza mwenyewe. Lori la kesho utakwenda, nakuapia."

Akasema, "Yule mtoto hajawahi kuzaa. Atashikwa na nani?"

Nilirudi nikarekebisha programu ilinganishe jina, umri na hema. Walirudi kwenye orodha watu kumi na mmoja niliokuwa nimewaruka: binamu wa majina sawa, mwana mwenye jina la baba yake, na wengine. Nilichapisha orodha mpya. Tarehe 15, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikwenda hemani kwake na karatasi mkononi. Hakuwepo. Jirani yake, Mama Aketch, alisema ametoka alfajiri kwa miguu kufuata barabara ya Nakuru.

Nilikuja kituoni siku hiyo hiyo. Afisa wa mezani alipiga simu Nakuru, akaniambia, "Madam, huyu Tabitha Wacera Kiarie hajapotea. Amefika jana, wamemtia tiki." Nikamweleza. Akasema nisimpotezee wakati. Tarehe 16 nilirudi na orodha zote mbili. Akanitajia tiki ile ile. Kaka yangu Bashir ananiambia ninyamaze, kwamba Msomali hana haja ya kujitia katika mambo haya, na kwamba siku moja mtu ataniuliza kwa nini nilimruka. Sasa naulizwa, na ninajibu.

Siku ya nne leo. Yule aliyefika Nakuru ni msichana mwenye mimba. Yule aliye barabarani ni mama wa miaka 71. Sijui niseme vipi tena. Nimeleta nakala za orodha zote.

Niliyoyasema hapa niliyafanya au kuyaona mwenyewe, isipokuwa pale nilipotaja aliyeniambia. Sikulazimishwa.

Sahihi: A. I. Hussein

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sawa. Jalada la mtu aliyepotea limefunguliwa saa tano na dakika hamsini. Saa saba na robo polisi wa Cheptiret, kwenye barabara ya Nakuru, wamejibu kwa redio. Kuna mama mzee kwa muuza duka mmoja, Mama Rukia, tangu tarehe 15 jioni. Miguu imevimba. Anakataa kutaja jina lake, anasema lilishaondoka na lori. Gari la kituo linakwenda. Shahidi ameomba kupanda. Nimemruhusu, kwa kuwa hapa ndiye anayemjua mama huyo kwa uso.

Koplo Musimbi