Naomba Jina, Mama

Gisozi, Kigali
16 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na lile goti limekuacha ulale. Ukiuliza habari zetu, sisi ni wazima. Rwema anakula vizuri, anakimbia mpaka naishiwa pumzi nikimfuata, na siku hizi akisikia sauti yako anaibusu simu mpaka inakata. Kabera anakusalimia sana. Yuko kwenye karakana yake hapa Agakiriro, sokoni kwa mafundi, ana kazi ya makabati ya mtu mmoja wa Ndera ambaye kila wiki anabadili mawazo kuhusu milango.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati Jumapili tu tuliongea. Ni kwamba kwenye simu wewe unauliza mtoto kala, mtoto kalala, mtoto kavaa sweta, na mimi najikuta nimejibu hayo tu. Jambo hili nataka ulisome umekaa, miwani umevaa. Dada Veronica, yule anayeleta maharage kutoka huko Karagwe, amekubali kukufikishia.

Nianze na haja yangu, usije ukasoma huku moyo unakwenda mbio. Nahitaji jina la mtoto wa kike kutoka kwako. Sina mimba, usianze kutafuta kanga. Lakini jina nalihitaji kweli, kwa sababu mama mkwe amesema hatashiriki katika jambo ninalotaka kulifanya mpaka aone kwamba bibi wa upande wa pili naye amekubali. Kwa hiyo jibu lako ndilo litakaloamua. Nivumilie nikueleze jinsi ilivyoanza, maana ilianza na tuzo ya wifi yangu.

Unamkumbuka Kamikazi, mdogo wake Kabera, yule aliyesoma Nairobi akarudi anaongea haraka kama anafukuzwa. Kazi yake ni utafiti wa mambo ya watu: nani wanazaliwa, nani wanahama, nani wanafariki, na kwa nini. Mwezi uliopita alipewa tuzo ya watafiti chipukizi. Mama mkwe alipoambiwa aliuliza inakuwaje mwanamke mwenye miaka thelathini na kitu, ambaye wenzake wana watoto shuleni, aitwe chipukizi. Kamikazi alimjibu kwamba kwenye kazi yao unabaki chipukizi mpaka wakubwa wastaafu, na wakubwa wenyewe hawana mpango huo.

Sasa tuzo hiyo aliipata kwa ajili ya swali moja. Alipokuwa anatayarisha utafiti wake, alikuwa anakuja hapa jioni kuyajaribu maswali kwangu kabla hajayapeleka kwa watu. Mimi natwanga majani ya muhogo ya isombe, yeye kakaa kwenye kigoda, kalamu mkononi, ananitania kwamba wifi yake anatwanga kama anapigana na mtu. Aliniuliza nimezaa watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akaandika mmoja, nami nikaendelea kutwanga.

Baadaye akaja amechoka. Alisema amewauliza akina mama wengi vijijini, na hesabu yao hailingani na yale ambayo wakunga walimweleza. Watoto fulani walikuwa wanapotea katikati. Wakunga wanawakumbuka, lakini mama akiulizwa hawataji. Wala si kwamba akina mama walikuwa wanamdanganya. Alikaa na jambo hilo mpaka akawaza mila yetu sisi Wanyarwanda ya siku ya nane, ile ya kuwaita watoto wa majirani wale chakula kwenye mkeka, halafu kila mmoja ampendekezee mtoto mchanga jina. Wewe unaijua, mlimfanyia kaka Conrad hukohuko Karagwe. Sisi tulimfanyia Rwema hapa uani, na mtoto mmoja wa jirani akasema aitwe Baiskeli, mpaka leo Kabera akifurahi anamwita hivyo.

Basi Kamikazi akabadili swali. Akaacha kuuliza umezaa wangapi. Akawa anauliza kama kuna mtoto uliyemzaa ambaye watoto wa majirani hawakuja kula chakula chake. Aliniuliza mimi kwanza, hapahapa kwenye kinu. Nilimwambia isombe yangu inaungua, na ilikuwa bado mbichi kwenye kinu. Hakunicheka. Alifunika kalamu yake, akamnyanyua Rwema, akaenda naye kuangalia kuku wa jirani.

Siku ya tuzo alitualika, mimi na Kabera na mama mkwe. Ilikuwa kwenye hoteli moja kule Kiyovu, sehemu za bustani na mageti marefu. Nilivaa mushanana wangu wa harusi, nikaubana na pini kiunoni kwa sababu nimepungua. Walizungusha chakula kwenye sinia, vipande vidogo vimechomwa vijiti, na Kabera akaninong'oneza kwamba hapa hata nyama ni chipukizi. Nilibana kicheko mpaka machozi yakanitoka.

Kamikazi alipoitwa mbele aliongea taratibu, siku hiyo tu. Alisema swali lile alipowauliza akina mama, waliokuwa wanajibu haraka waligeukia kazi zao. Wengine waliomba maji. Halafu wakaanza kusema, mmoja mmoja, kuhusu watoto waliozaliwa na kuondoka kabla ya siku ya nane. Mtoto asiyepewa jina wao hawamhesabu, kwa sababu hivyo ndivyo walivyofundishwa. Na asipohesabiwa, alisema, hakuna atakayejua kwamba mahali fulani watoto njiti wanakosa joto, wala hakuna atakayepeleka vifaa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia mikono yangu. Niligundua Kabera ameushika mmoja, na hajui kama ameushika.

Tulirudi nyumbani tukapanda kilima kwa miguu, Rwema mgongoni, mama mkwe mbele yetu. Kabera si mtu wa maneno, unamjua. Alisema kama anaongea na njia kwamba yeye siku zile alikuwa ameshafikiria jina. Alilifikiria akiwa anapiga randa, akalirudia kimoyomoyo mpaka akalizoea, na hajawahi kumwambia mtu. Nilimuuliza mbona hata mimi hakuniambia. Akasema nilikuwa nimelala nimegeukia ukutani, na yeye aliogopa.

Mama, ndiyo hivyo. Kabla ya Rwema nilizaa mtoto wa kike.

Ulikuwa mwaka ule baba alipokuwa hospitalini, wewe ukilala sakafuni kando ya kitanda chake. Mimba ilipokuwa ndogo nilikuficha makusudi, nikitaka nije nayo kubwa, nishuke kwenye gari ukaione mwenyewe. Uchungu ukaja mimba ikiwa na miezi saba. Alizaliwa mdogo, nywele nyingi, vidole virefu kama vyako. Alilia mara moja vizuri, nikadhani atakaa. Hakufika siku ya nane. Mama mkwe ndiye aliyemwosha na kumfunga kwenye kitenge chake kipya. Akaniambia nisilie kwa sauti, ndipo tumbo lifunguke tena, na nisikuambie wewe, maana una mgonjwa wako. Nilimtii kwa sababu alinipenda na kwa sababu sikuwa na nguvu za kufanya kingine. Halafu baba akafariki, na msiba wake ukafunika kila kitu. Rwema alipozaliwa ukamwita kifungua mimba wangu, ukapiga vigelegele kwenye simu. Ningekukatizaje?

Sikuandikii ili ulie. Mimi mwenyewe naandika nimetulia, Rwema amelala miguuni pangu, na nje wanapiga randa kama kawaida. Nimekuandikia kwa sababu mimi na Kabera tumekubaliana kumpa jina. Tunataka kuwaita watoto wa hapa mtaani, tuwapikie maharage na mboga na maziwa, wakae kwenye mkeka, waseme majina yao ya ajabu, halafu na sisi wakubwa tuseme yetu. Kabera atasema lile aliloliweka. Kamikazi naye ana lake.

Mama mkwe alipotusikia alisimama palepale na ufagio. Aliuliza kama siku hizi tunawaita waliokwisha kwenda zao, na kama ndivyo, basi tumwite na babu yake yeye mwenyewe na ndugu zake wote, tuone kama hayo maharage yatatosha. Kamikazi akasema yatatosha, babu hakuwa mlaji. Mama mkwe hakucheka. Alisema mambo ya hoteli yabaki hotelini. Akakaa siku kadhaa haongei na mtu ila Rwema.

Ndipo juzi akaja jikoni peke yake. Akaniambia kwamba anaukumbuka uso wa yule mtoto kuliko sisi wote, kwa kuwa ndiye aliyeuosha. Alisema alifanya kama mama yake alivyomfanyia yeye, naye alikuwa na wawili wa namna hiyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikampa kiti. Akasema anaogopa kuanza yeye jambo ambalo wakubwa wake hawakulifanya. Lakini bibi wa Karagwe akituma jina, basi hatakuwa peke yake, na atakuja na lake.

Ndiyo maana naomba. Liwe la Kinyarwanda au la Kiswahili, liwe la bibi yako au ulilolipenda tu, mimi nitalichukua. Ukiona huwezi, niandikie hivyo, sitakasirika wala sitakulaumu, kwa sababu nimekupa habari ya mjukuu na ya msiba kwenye karatasi moja. Chukua muda wako. Veronica akipita tena atakuuliza, na unaweza kumwambia kwa mdomo tu, nimeshamweleza alishike vizuri.

Nisalimie kaka Conrad na mkewe, na mama Careen hapo jirani, mwambie zile mbegu za mchicha wa dodo zimeota. Ujifunike asubuhi, kuna baridi huko. Kabera anasema akimaliza makabati ya yule wa Ndera atakutengenezea kiti cha kuegemea, cha kukaa ukinyoosha goti. Tunakuombea kila siku, nasi utuombee.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Mukunde

Mama wa Rwema na wa dada yake.