Ukurasa wa Mwisho Uliokamatwa Njiani

Kawempe, Kampala
14 Oktoba 1975

Kaka yangu mpenzi Sulaimani,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa, wewe na wifi Nusura na watoto. Kifua chako je, kimepoa? Sisi hatujambo, na safari hii neno hilo naliandika kwa moyo wote, si kwa mazoea: Baba yuko nyumbani, amelala chumba cha nyuma, anakoroma mpaka mabati yanaitikia. Alhamdulillahi! Barua hii Jalia anakuletea mkononi, haipiti posta, kwa hiyo nitasema yote.

Duka unalijua. Sukari hakuna, sabuni hakuna, lakini vitabu vya upelelezi vipo, na watu wanaviazima utadhani vinaliwa. Desturi ya Baba haijabadilika: ukurasa wa mwisho wa kila kitabu ameukata kwa wembe akauweka kwenye mkebe wa biskuti, na msomaji hauoni mpaka arudishe kitabu, tena ausome amesimama pale pale kaunta. Na Jumamosi Baba hasemeshwi, maana ndiyo siku ya gazeti lenye ile safu yake ya "Waliyosema Wakubwa". Anazikata zile nukuu, anazibandika daftarini kwa uji wa muhogo, na jioni tunasomewa tupende tusipende.

Sasa sikia balaa. Ochan, karani mmoja wa fleti za Bugolobi, alirudisha kile kitabu cha mauaji ya hoteli ya ziwani. Ukurasa wake halisi ulishaliwa na mende, mkebeni kulikuwa na kikaratasi tu kilichoandikwa kwa mkono. Basi la Jinja lilikuwa linamwacha, akanisihi akasomee njiani. Nami, kwa ujinga wangu, nikampa. Kwenye kizuizi askari wakampekua mfukoni, wakasoma: "Meja ndiye muuaji. Bastola aliificha ndani ya kinanda. Shahidi ni mpishi." Haya, mweleze mtu mwenye bunduki kwamba hiyo ni hadithi! Walitaka kujua Meja gani, na huyo mpishi anakaa wapi. Ochan akataja duka letu, na kesho yake mchana wakaja wakamchukua Baba, wakampeleka Naguru, kwenye kambi ya polisi wa usalama.

Kaka, siku nne! Unawajua waliopelekwa huko, tukafika mahali hata kuwaulizia tukaogopa. Siku ya tatu nikachukua kitabu chenyewe, nikakifunika kwa matoke kikapuni, nikaenda.

Nilipokelewa na sajini mmoja, Faruk, Mnubi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamweleza mambo ya mkebe na wembe. Akasema kila anayeletwa pale ana hadithi yake. Lakini alikichukua kitabu, akaniambia nikae kwenye benchi, akaanza kusoma. Akasoma, akasoma! Chai ikaletwa ikapoa. Simu ikalia, hakuigusa. Mimi namtazama usoni tu, kila akikunja ndita nakufa. Alasiri akafika palipokatwa. Akageuza jalada, akalitikisa, akatazama hata chini ya meza. Kisha akatoa kile kikaratasi kwenye faili, akakiweka mahali pake, akasoma, akapiga meza kwa kiganja na kusema kwamba yeye muda wote alimshuku daktari. Akaahidi kumpelekea mkubwa wake faili hilo yeye mwenyewe. Asubuhi yake wakawaachia Baba na Ochan. Kitabu hakukirudisha, nami sikukiuliza.

Baba amekonda na jino moja limetoka, lakini maneno hayajapungua. Anasema walikuwa watu kumi na wanane chumba kimoja, naye kila jioni akiwasomea nukuu za gazeti kutoka kichwani. Waliyoidai zaidi ni ya yule kadhi wa zamani wa Andalusi: "Sihesabu siku nilizofungiwa, nahesabu watakaonifungulia mlango." Siku aliporudi mimi ndiye niliyemfungulia. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, wa kwanza.

Hapo nililia, kaka, na sasa nikuambie kwa nini. Kikaratasi kile ni mwandiko wangu. Walipomwonyesha Baba aliutambua mara moja, akasema ni wake. Na mimi huo mwisho sikuujua. Mende walinitangulia, nikajitungia Meja. Wewe ulikisoma kikiwa kizima. Hivi kweli alikuwa Meja? Nijibu kwa mdomo wa Jalia, usiandike!

La pili ni zito zaidi. Hakuna kadhi. Gazeti huomba wasomaji watume nukuu, nami Ramadhani iliyopita, nikisubiri futari iive, nikaitunga ile na kuituma kwa jina la uongo. Kadhi ni mimi, jikoni kwetu.

Sijamwambia Baba. Ila jana alinipa daftari nimbandikie nukuu za wiki hii, akanionya nisiuguse ukurasa unaofuata ule wa kadhi, niuache mtupu. Alisema huenda kadhi bado ana neno. Akanitazama, akarudi kulala.

Wabusu watoto, msalimu wifi, mwambie gauni alilonitumia lilinienea. Baba akiamka nitamwambia nimekuandikia, naye najua atataka kuongeza salamu zake chini; ya juu sitayafunika.

Mdogo wako akupendaye,
Kaltumi