Risasi Iliyolia Puf

Wendell, mkwe wangu,

Supu ya nyama ya paa iko kwenye friji, pasha moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye. Bastola ninayo mimi. Naipeleka kwa fundi mjini akaitoe risasi iliyokwama kwenye mtutu.

Asubuhi kule shambani, risasi ilipolia puf badala ya kulipuka, ulicheka: “Mama, piga nyingine!” Nilipokataa ukasema uzee umenitia woga, ukataka kuninyang’anya bastola. Ningepiga, mtutu ungetupasukia usoni.

Ganda la risasi ile halikuwa na baruti ya kutosha. Jana ulipokuwa unanifundisha kujaza maganda hapa mezani, mkono mmoja ulishika baruti, mwingine simu, unabishana na kaka yako habari za mpira. Mwalimu gani huyo?

Risasi zilizobaki usiziguse. Jumamosi tutazifumua zote, moja moja, tuanze upya. Simu yako itakaa kwenye gari.

~~Marlys nitamwambia mwenyewe jioni.~~

Hapana. Ni binti yangu, lakini ni mke wako. Mwambie wewe, kabla hajaniuliza kwa nini bastola iko kwa fundi.

Mama mkwe wako