Nilimwahidi Mungu Nitaacha Country, Sasa Sauti Imerudi

Maman Marie-Claire mpendwa,

Kabla hujanigombeza nakuomba unisome mpaka mwisho, maana haya ninayoyaandika sijamwambia mtu, hata mume wangu anajua nusu tu, na nusu ile nyingine ndiyo inayoninyima raha wakati ambapo ningepaswa kuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote Brussels.

Nina miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Uvira, kazi yangu ni kutunza wazee, na kwa miaka ishirini na zaidi nimekuwa mwimbaji wa muziki wa country. Usicheke. Baba yangu, Papa Éliézer, alikuwa dereva wa lori la misheni, na padri mmoja Mbelgiji alipokuwa anarudi kwao alimwachia kaseti kumi na moja za country, na baba, ambaye Kiingereza hakujua hata neno moja, alizicheza ndani ya lori mpaka akajua kila mlio, akawa ananiambia, "Sikia huyu muntu, mwanangu, analilia nyumba yake," ama, "Huyu bibi yake amemukimbia, na anajua ni makosa yake mwenyewe," na nilipokuja kujifunza Kiingereza baadaye nikakuta mara nyingi mzee alikuwa amepatia.

Nilishuka kituo cha treni cha Gare du Midi mwaka wa 2001 nikiwa na mimba ya Laetitia, mume wangu Guylain alikuwa ametangulia, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusafisha ofisi kwenye yale maghorofa ya Gare du Nord, alfajiri, kabla wenye ofisi hawajafika, nami nilikuwa naimba nikipiga deki kwa sababu nilidhani niko peke yangu. Siku moja nikageuka nikamwona mlinzi wa mlangoni, Mflamand mmoja mrefu, Mbelgiji wa upande usiosema Kifaransa, anaitwa Freddy, amesimama na kikombe chake cha kahawa, kahawa imepoa, akaniuliza kwa Kifaransa chake kibovu, "Nani amekufundisha wimbo huo?" Nikamjibu, "Baba yangu, ndani ya lori." Akasema, "Jumapili njoo nyumbani kwangu, uje na mume wako, nina bendi." Tukaenda Vilvoorde, tukakuta gereji, ndani yake wazee wanne wamevaa kofia za kauboi, na Guylain akaninong'oneza, "Mama Laeti, tumefika wapi hapa?" Lakini Freddy alipokaa mbele ya gitaa lake la chuma, lile linalolazwa kama meza na kuchezwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, lililia kama mtu, Maman, nikajikuta nimeanza kuimba kabla hajanipa ishara.

Toka siku hiyo nimezunguka Flanders yote, kumbi za vijijini, arusi, matamasha ya kiangazi ambako watu wanacheza kwa mistari na mabuti yao, tumetoa albamu mbili, nyimbo nusu ni za Kiswahili nilizotunga mwenyewe, na utawaona bibi vizee wa Kiflamand wanaitikia "nirudishe Uvira" kwa nguvu zote bila kujua Uvira iko wapi. Utajiri sikupata, wazee wangu naendelea kuwaogesha Jumatatu mpaka Ijumaa, lakini baba yangu kabla hajafa aliisikia albamu ya kwanza ndani ya lori lile lile, na kaka yangu aliniambia aliirudia mpaka betri ikaisha.

Sasa, mwaka jana mwezi wa nane sauti ilianza kukwaruza, nikadhani ni uchovu, mwezi wa tisa ikakatika katikati ya wimbo mbele ya watu mia tatu, na hospitalini daktari Fien akaniambia kuna kinyama kimeota kwenye nyuzi za sauti, lazima kitolewe na kipimwe, na hawezi kuniahidi kitu. Mama yangu mkubwa alikufa kwa saratani ya koo. Basi Jumapili kabla ya upasuaji, kanisani kwetu pale karibu na Porte de Namur, Pasta Josias aliniita mbele aniombee, na mimi mwenyewe, hakuna aliyenituma, nikachukua maikrofoni nikasema kwa ile sauti iliyobaki, "Mungu, ukinirudishia sauti, nyimbo za dunia nimeziacha leo, nitakuimbia wewe peke yako." Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Guylain peke yake hakupiga makofi, na tulipokuwa kwenye metro akasema, "Umeahidi kitu kikubwa sana na homa ikiwa kichwani," mimi nikageukia dirisha.

Siku kumi baada ya upasuaji tukaitwa, nilikuwa bado nimekatazwa kusema hata neno, natembea na daftari, na daktari Fien akasema, "Si saratani." Nikaandika: Rudia. Akarudia. Nikaonyesha tena kwa kidole lile neno, akarudia mara ya tatu. Guylain alikaa chini kwenye sakafu ya korido akiwa na sare yake ya dereva wa tramu, watu wakawa wanamruka. Freddy akapiga simu, Guylain akamwambia, na tukasikia simu imewekwa mezani na mzee anapenga kamasi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu daktari akaniruhusu kuimba, dakika ishirini kwa siku. Sauti imerudi, Maman, tena imeshuka kidogo chini, imekuwa nzito na tamu, imekuwa ile sauti ambayo country yenyewe inaipenda. Na hapo ndipo nilipofanya jambo la aibu. Freddy alikuwa na tamasha lake la kuaga, ametimiza miaka sabini na mbili, vidole vyake vinakakamaa kwa ugonjwa wa viungo, lilikuwa lifanyike mwezi wa pili, na aliliahirisha kwa ajili yangu, akawaambia wenye ukumbi, "Bila yeye sichezi." Aliponiuliza daktari amesema nini, nilishindwa kumwambia habari za ahadi, yeye si mtu wa kanisa, niliona haya, nikamwambia, "Daktari amekataza mpaka mwisho wa mwaka." Akasema, "Hakuna shida, nitangoja." Kila wiki ananipigia kuniambia ameloweka mikono kwenye maji ya moto na kufanya mazoezi ili vidole vifike mwezi wa kumi na mbili.

Wiki iliyopita nilikuwa nakaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, jikoni, nikajisikia naimba, tena si wimbo wa kanisa, na Guylain akafunga bomba la maji ili asikie vizuri, akasema, "Bon. Imerudi kabisa." Nililia mpaka ndagala wakaungua. Nikiimba country nimemwibia Mungu aliyeniponya, nisipoimba nimemwua Freddy, na ile furaha ya kupona sijaionja hata siku moja nzima. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

Ni mimi, Mama Laetitia.

*

Mama Laetitia,

Umejificha nyuma ya jina la binti yako. Mwimbaji wa country, mzaliwa wa Uvira, mume dereva wa tramu: unadhani hapa Brussels tunao wangapi wa namna hiyo? Kufikia saa nne asubuhi Matonge nzima, mtaa wetu wa Wakongo, itakuwa imejua. Donc kaa chini, usome kwa utulivu.

Kwanza, pole kwa koo, na hongera. Nilipofika kwenye "Si saratani" nilipiga kigelegele hadi jirani yangu akagonga ukuta. Sasa nakugombeza.

Mimi nilikuwa mkunga Bukavu kwa miaka thelathini. Nimesikia wanawake wakiwa katika uchungu wanaapa mbele ya Mungu na malaika kwamba mume hatawakaribia tena mpaka kaburini. Kama Mungu angeandika kila neno la mtu mwenye uchungu na kumdai, nusu ya Bukavu isingezaliwa. Siidharau nadhiri. Mtu asiyeogopa kuvunja neno lake simtaki hata jikoni kwangu, na wewe kukosa usingizi kwa neno ulilosema ni heshima yako. Lakini tazama ulichomtolea Mungu. Zile nyimbo hazikuwa zako peke yako. Nusu yake ni vidole vya Freddy. Ulichukua mali ya watu wawili ukaiweka madhabahuni bila kumuuliza mwenzako, halafu ukapigiwa makofi.

Na huo uongo! Nadhiri ilitoka kwenye hofu, hilo naelewa. Uongo ulitoka kwenye haya. Wewe unatunza wazee kila siku, unajua mikono yenye baridi yabisi inavyokuwa. Mzee anakaa Vilvoorde analoweka vidole akingoja mwezi ambao umeubuni wewe. Dhambi unayoitafuta iko hapo, mama, wala haiko kwenye ndagala.

Kwa sababu ya vidole hivyo sikuiacha barua yako ingoje gazeti. Umekumbuka kuweka namba ya simu, nikakupigia Alhamisi ile ile niliyoipokea. Nilikwambia mambo mawili tu: nenda kwa Freddy kwanza, kisha kwa pasta, na usibadilishe mpangilio, kwa sababu aliyedanganywa ndiye anayetangulia. Ulinijibu, "Maman, naogopa." Nikakwambia, ogopa huku unavaa viatu. Umeniruhusu niandike yaliyofuata, na ninayaandika kwa ajili ya wengine wanaokaa na jambo kama lako kifuani.

Jumamosi asubuhi ulikwenda, Guylain akiwa nyuma yako. Ulimkuta Freddy jikoni, mikono ndani ya beseni. Ulimwambia yote ukiwa umesimama: kanisa, maikrofoni, ahadi, daktari aliyekuruhusu toka mwezi wa kwanza. Hakucheka ulivyodhani. Alikasirika, na haki alikuwa nayo.

"Wiki kumi," alisema. "Wiki kumi naungua mikono kwa uongo?"

Ukasema ndiyo.

"Ungeniambia umemwahidi Mungu, ningeelewa. Mimi nilimwahidi nitaacha sigara." Alikuwa ameahidi siku ile ulipoingia chumba cha upasuaji, yeye asiyejua hata mlango wa kanisa uko upande gani. Na ameacha kweli. Mlikuwa wawili mnaomsumbua Mungu kwa kitu kimoja. Halafu akakwambia maneno ambayo ulinirudilia kwenye simu huku unalia: "Kama umeacha, umeacha. Nilitaka uwe hai. Lakini usinifanye nikungoje kama huji."

Ulitoka pale na uzito mmoja umeshuka. Ukaenda kwa Pasta Josias. Ulitegemea hukumu, na pasta wa watu akajifuta jasho akasema, "Maman, miye sikukuomba uahidi vile. Niliona bantu banapiga makofi, nikaogopa kukukatiza. Toka siku ile sijapata amani." Miezi sita mtu huyu anasubiri uje! Alikuuliza swali moja ambalo lingepaswa kutoka kwangu, nikamwonea wivu: nyimbo zako zinasema nini? Ukamtajia. Mwanamke anayelilia mji wake. Baba na lori. Mtu aliyekosea na anataka kurudi nyumbani. Pasta akasema, "Sasa hizo tunaziomba kila Jumapili, ni vile tu hatuna gitaa." Hakuishia hapo, na ndiyo maana namheshimu. Alikwambia kwamba neno lililosemwa mbele ya watu hufunguliwa mbele ya watu. Jumapili ukasimama pale pale, ukashukuru kwa uponyaji, ukasema uliahidi kwa hofu, ukaomba kanisa likuombee msamaha. Wapo walionuna. Mama mmoja wa kwaya aliondoka kabla ya sadaka. Mwache. Na wengine walikuja kukukumbatia, na bibi mmoja mzaliwa wa Baraka, kule jirani na Uvira, akakuuliza tikiti zinauzwa wapi.

Uliponipigia jioni ile ulikuwa unaongea haraka kama msichana, ukaniambia umelala mchana saa tatu nzima bila kuota. Basi hiyo ndiyo furaha ya kupona uliyokuwa hujaionja. Ilichelewa njiani, imefika.

Sasa nisikilize, maana bado sijamaliza nawe.

Tamasha la Freddy limewekwa Jumapili ya tatu ya mwezi wa tano, saa tisa alasiri. Usikubali lisogezwe tena hata kwa siku moja, kwa sababu yoyote, hata mimi nikifa wiki ile. Daktari Fien alisema dakika ishirini. Ni dakika ishirini. Mtu akiomba wimbo wa ziada, Freddy apige bila maneno, nawe ukae kwenye kiti unywe maji. Kanisani usiache kuimba. Mungu hakukudai kitu alipokurudishia sauti, basi nawe mpe sauti ya Jumapili asubuhi bila kumhesabia. Huyo mama aliyenuna mpelekee tikiti mkononi, wewe mwenyewe, usitume mtu.

Kwa Freddy kuna deni ambalo msamaha wake haujalifuta. Ile simu yake ya kila wiki, kuanzia sasa piga wewe. Muulize habari za mikono yake, na akikujibu "hakuna shida," muulize tena.

Na siku nyingine ukitaka kumwahidi Mungu kitu, ahidi kilicho chako peke yako, bila maikrofoni, ukiwa umeshiba na huna homa.

Haya, amka. Kuna mazoezi Vilvoorde leo saa nane, na treni haingoji mtu anayesoma gazeti.