Mizizi Sitakutumia

Kanyakine,
Imenti Kusini.
9 Februari 2025

Mpendwa mume wangu mdogo Mutembei,

Krismasi mbili zimepita sijaiona sura yako! Hata babu yako uliyepewa jina lake, alipofanya kazi mbali, alikuja kula Krismasi kwake. Nimekukosea nini? Haya, u mzima? Unakula? Nasikia Eldoret kuna baridi ya kukausha masikio. Mimi magoti yananisumbua, lakini kahawa nachuma mwenyewe, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Anayeniandikia ni Mzee Naftaly, karani wa zamani wa kiwanda cha kahawa. Simu sikutaka, maana nikiongea na simu boma lote linasikia. Ameapa hatasema.

Jumapili iliyopita binamu yako Kirimi alikuja kuomba mizizi chungu ya kuchemsha, akutumie. Eti ni tumbo. Nikambana mpaka akasema: ukikojoa ni moto, na usaha unatoka kwenye uume. Usimgombeze. Hapa Naftaly alitaka kuandika "sehemu fulani." Nikamwambia, "Andika uume, mzee, hata wewe unao." Ameandika.

Mizizi sitakutumia.

Nilipoolewa hapa, miaka mitatu sikushika mimba. Nilikuwa nikikojoa machozi yananitoka. Nikaenda hospitali ya misheni, nikasema ni tumbo. Nikapewa dawa ya minyoo. Nikarudi, tumbo tena, minyoo tena. Imenti nzima hakukuwa na mwanamke asiye na minyoo kama mimi! Mara ya tatu muuguzi mmoja mzee alifunga mlango, akaniuliza kwa Kimeru, "Msichana wangu, ni tumbo, au ni chini ya tumbo?" Nikalia, nikasema yote. Hakucheka. Akaniambia nirudi na mume wangu.

Babu yako! Mtu aliyefukuza ndovu shambani kwa kupiga debe, akaogopa sindano. Alikubali kwenda, lakini alitembea mbele hatua ishirini kama hanijui, kofia imefika puani. Tulidungwa siku moja. Wakati wa kurudi kila mmoja anachechemea, tukaangaliana pale mtoni, tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye nyasi. Tangu tuoane hatukuwa tumecheka hivyo. Mpaka leo nikipita pale namsikia.

Mwaka uliofuata nikamzaa baba yako. Dada yangu Ruguru, aliyeugua kama mimi, yeye aliona haya, akachemsha mizizi. Hakuwahi kupata mtoto. Alinisaidia kubeba wangu wote.

Kwa hivyo nenda kesho, si wiki ijayo. Sehemu hiyo iite kwa jina lake, hata muuguzi akiwa msichana mrembo. Ameona nyingi, yako si ya kwanza. Na yule Linda wako mwende pamoja, usimfiche, usimlaumu. Dawa mmeze mpaka ziishe, hata mkipata nafuu.

Baba yako Kathuri hajui, na kwangu hatajua. Mama yako anakusalimia, na Igoki wa shangazi yako, amefungua shule. Mungu wa babu yako akushike mkono mlangoni mwa daktari, maana najua hapo ndipo miguu hugeuka.

Ukija, usipitie kwa baba yako kwanza. Njoo moja kwa moja jikoni kwangu na kile kitabu cha hospitali, nione muhuri kabla hujakaa.

Nyanya yako, mke wako wa kwanza, anayekupenda bila haya,
Cucu