Kikombe Nilichokiweka Chini

Tororo,
Jumanne, 16 Novemba 1954

Kwa dada yangu mpendwa Aidah Nasirumbi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Busia, wewe na shemeji na watoto wote. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa kichwa, na kisa cha kichwa utakisoma humu. Natumaini kifua cha mtoto kimepona. Natumaini pia kwamba Baba kule Masafu ameacha kwenda shambani na ule mguu wake, ingawa namjua na najua hajaacha. Hapa mvua imekatika, na vumbi la kiwanda kipya cha saruji linatua juu ya kila kitu, hata vitambaa vyeupe vya wateja, nasi ndio tunaolaumiwa.

Barua yako nilipewa wiki mbili zilizopita na dereva wa lori la pamba. Niliisoma mara ya kwanza nikacheka, nikaisoma mara ya pili nikaacha kucheka. Umeandika kwamba ulisimama kanisani Masafu ukaomba watu waniombee kwa safari yangu ya Beira, nchi ya Wareno, na kwamba Baba amechinja kuku, na Mama analia huku anajisifu kwa majirani. Jamani Dada, nani alikutuma? Mimi nilikuandikia kwamba Fundi Noronha anatafuta mtu wa kwenda Beira. Sikuandika kwamba mtu huyo ni mimi. Wewe ukipewa mbegu unatangaza mavuno.

Sasa nieleze mambo tangu mwanzo, ili usije ukasikia kwa watu. Fundi Noronha, tajiri wangu, ni Mgoa, mtu wa Goa kule Uhindi, na kwao wanatawaliwa na Wareno, kwa hiyo shule alisoma kwa Kireno. Kaka yake ana duka la kushona suti kule Beira, na wateja wake ni maofisa wa bandari. Akaandika kuomba fundi mmoja anayejua kukata suti, tena anayejua kuongea na mteja wakati wa kumpima, maana mteja hawezi kupimwa kiuno kwa ishara. Hapa dukani wakataji ni wawili, mimi na Ochen. Tukaambiwa tutafundishwa Kireno kila Jumamosi mchana baada ya kufunga duka, na atakayekimudu ndiye atakayekwenda mwezi wa Januari. Kuna sharti moja: lazima awe mtu asiye na mke wala uchumba, kwa sababu mkataba ni wa miaka minne bila kurudi. Sharti hilo lishike, Dada, usiliruke kama unavyoruka mengine.

Kireno chenyewe kimenifikisha pabaya. Ngoja nikueleze, tuumwe kichwa wote. Wareno wanasema tendo lina watu wake wawili wa kulipokea. Fundi anampa mteja koti. Koti ndilo linaloshikwa na tendo moja kwa moja. Mteja yeye anafikiwa kwa kupitia koti, na mbele ya jina lake lazima uweke kineno kidogo, “a”, kama bawabu. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi nao. Ugomvi unaanza unapotaka kuacha majina. Sisi tunasema namwona, tunasema nampa, na ule “m” ni uleule, unafanya kazi zote mbili bila kunung'unika. Kwa Wareno mtu unayemwona ni “o”. Mtu huyohuyo ukimpa kitu, amegeuka kuwa “lhe”. Mtu yuleyule, Dada, na kofia yake ileile! Nikikosea nikasema namwona kwa kutumia “lhe”, Fundi anapiga meza kwa rula ya kupimia nguo na kusema, “Matayo, kichwa yako iko na pamba!” Tena ukitaka kusema nampa hilo koti kwa mkato, koti na mteja wanasongwa pamoja ndani ya “lho”, nisijue tena nani kamvaa mwenzake.

Ochen hasumbuki. Yeye anasema lolote linalokuja mdomoni na kutabasamu. Nilipomuuliza atafanyaje na wateja wa Beira, akanijibu, “Mimi nakwenda kukata nguo, si kukata maneno.” Mimi nikirudi chumbani narudia “o” na “lhe” hadi mwenye nyumba ameniuliza kama ninaumwa. Nilifanya hivyo kwa ajili yenu. Nilikuwa namwona Baba na kuku wake, nikarudia tena.

Jumamosi iliyopita Fundi alichoka na sisi kabisa. Akasema midomo yetu haitajua mpaka mikono ijue, kwa hiyo kila sentensi tutaitenda. Akaweka mezani mkasi, uzi, kofia na kikombe. Mke wake, Dona Palmira, akaletewa kiti atazame. Kisha Fundi akamwita mpishi wao kutoka jikoni, awe mtu wa tatu wa kupokea vitu. Huyo mpishi ni Mama Akwi, mjane wa Kijapadhola kutoka Kisoko, mama mtulivu ambaye amekuwa akitupa chai kwa mkono wake siku zote nilizokaa hapa. Akaja akifuta mikono, akasimama karibu na cherehani.

Tulianza vizuri. Nikampa Ochen mkasi na kusema nampa Ochen mkasi. Nikampa tena, nikasema nampa yeye mkasi. Nikamwangalia, nikasema namwona, tena kwa “o” yake, na Fundi akafurahi hata akavua miwani. Akasema leo pamba inatoka. Ndipo akaniambia nichukue kikombe nimpe Mama Akwi, na niseme nampa Mama Akwi kikombe.

Nikakichukua. Nikasema maneno yote sawasawa, bawabu wake akiwa mlangoni. Nikapiga hatua mpaka mbele ya yule mama, na pale, Dada yangu, mkono ukakataa. Nilijiona nimeinama, nimekiweka kikombe chini sakafuni mbele ya miguu yake, nimegeuza uso ukutani, kama mkwe.

Ochen alielewa palepale, maana kwao Wateso ni hivyohivyo kama kwetu Wasamia. Alipiga kicheko akaficha uso kwenye kitambaa cha suruali. Mama Akwi alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akavuta leso yake ikafunika kichwa, akatoka kwa mlango wa jikoni. Kikombe kikabaki sakafuni.

Fundi yeye alikuwa bado shuleni. Alinifokea kwamba sentensi ina mtoaji, ina kikombe, ina Akwi, na hakuna sakafu ndani ya sentensi, hiyo sakafu nimeitoa wapi? Kisha akaanza kufikiri, na alipofikiri ikawa mbaya zaidi. Akanijia juu: “Wewe nawekea huyu mama kikombe chini kama mbwa? Huyu anapika chakula yako!” Dona Palmira akatikisa kichwa, akasema hakutegemea kiburi cha namna hiyo kwa kijana wa kanisani. Dada, nilitaka kulia kwa hasira. Nimemheshimu mtu kwa heshima kubwa kuliko zote tulizofundishwa, halafu naitwa mwenye dharau!

Fundi akaniambia nimwite arudi, nimpe mkononi na kumwomba radhi, la sivyo Beira nisahau. Hapo nilikuwa na njia mbili tu. Ningempa mkononi, na mambo yangekwisha, na ninyi mngeendelea kuchinja kuku. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na niliona ncha ya leso ya Mama Akwi nyuma ya mlango. Alikuwa anasikiliza. Ningempa mkononi baada ya kumwekea chini, ingekuwa ni kumwambia mbele ya watu kwamba binti yake simtaki.

Ndiyo, Dada, kuna binti. Jina lake Apendi, yuko Kisoko na shamba la mama yake, na tunapendana tangu mavuno ya mwaka jana. Sikukuandikia kwa sababu ningekusikia kanisani. Jumapili kabla ya hayo nilikwenda kwao nikamwambia habari za Beira, nikamwomba anisubiri miaka minne. Akanijibu bila hasira kwamba nikienda niende salama, lakini yeye si nguo ya kuwekwa sandukuni. Niliondoka bila kumpa jibu. Wiki nzima nilikuwa nashona mikono ya makoti kinyume. Na ukweli nikuambie, siku hizo nilikuwa naelekea Beira zaidi kuliko Kisoko.

Basi nikapiga moyo konde. Nikamwambia Fundi kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba sikumdharau yule mama. Nikasema nataka kumwoa binti yake, na kwetu mtu hampi mama mkwe kitu mkono kwa mkono hata kama ni dawa. Fundi akakaa chini. Akaniuliza kama nalikumbuka sharti la kaka yake, nikasema nalikumbuka. Akaniuliza kama yule binti ameposwa tayari, nikasema bado. Akashika kichwa na kuuliza kwa nini basi nisingempa tu kikombe, Mungu wangu, kwa nini!

Kwa hiyo anayekwenda Beira ni Ochen. Ndiyo, Ochen, anayemwona kila mtu kwa “lhe” hata kuta. Nilikasirika na bado nina hasira, usifikiri mapenzi yamenifanya malaika.

Jioni ileile Mama Akwi alimtuma Ochen aniulize jambo moja. Aliuliza kama mimi nimeikataa Beira au Beira imenikataa mimi, kwa sababu hataki mtu anayemjia binti yake kwa kukosa meli. Ningeweza kutia chumvi. Nikamwambia Ochen apeleke ukweli mtupu, kwamba nilitaka kwenda, nilitaka sana, na kwamba nilipomfikia na kikombe sikuweza. Nikalala nikijua huenda nimekosa vyote viwili.

Jumapili hakukuwa na neno. Jana, saa ya chai, nilisikia hatua mlangoni nikainua macho. Alikuwa Dona Palmira mwenyewe, mke wa tajiri, na kikombe kimefunikwa kisahani, uso wake umejaa maswali. Akasema Mama Akwi amekataa katakata kuniletea, amekataa hata kupita nilipo, na amemwomba yeye anisaidie kukifikisha. Akaniuliza tumegombana nini tena sisi wawili. Nilikipokea kwa mikono miwili, maana ndivyo mama mkwe anavyomfikishia mkwe wake chai.

Sasa, Dada, kwa kuwa mdomo wako una nguvu, uutumie kwa faida. Nenda Masafu Jumapili hii, usimame palepale uliposimama, uwaambie siendi. Mwambie Baba taratibu, akiwa amekaa. Wachukue shangazi na mjomba Oboth, mje tupange siku ya kwenda Kisoko kabla ya Krismasi, maana Wajapadhola hawapendi kungojeshwa, na mimi pia. Kama Baba atauliza amechinja kuku wa nini, mwambie alimchinja mapema tu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Mama umwambie akilia safari hii awe anacheka.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki,

Matayo Wesonga